Vikuba Sita na Mtoto Asiyenitaka

Jumatatu, 30 Desemba

Mwanangu ananikimbia. Naandika ili lijulikane, hata kama litajulikana na daftari hili tu. Aqil. Miezi kumi na siku kadhaa, meno manne, nywele za mamake, hasira sijui za ukoo gani. Bado hatembei. Hutambaa. Akiniona mimi hutambaa mbio, tena kwa upande nisiokuwepo.

Mwezi uliopita alikuwa rafiki wa dunia nzima. Alimchekea kila mtu, mpaka paka wa jirani. Sasa nikimbeba hupiga mayowe kama mtu anayeibiwa. Anaibiwa na nani? Nepi nanunua mimi! Mamake akienda chooni, kilio. Mamake akirudi, kilio kingine, cha kumlaumu. Akitaka kulala adhuhuri hugonga kichwa kwenye mbao za kitanda chake, du, du, du, kwa utulivu, kama fundi aliyelipwa kwa siku. Leo nimehesabu. Mara arobaini na moja. Hakulia hata kidogo. Mimi ndiye niliyeumwa kichwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mke wangu Khairiya anaanza kazi Jumatatu ijayo, shule ya chekechea, Wiyoni. Nafasi hiyo ameingoja miaka miwili. Mimi hutengeneza simu, feni na redio hapa hapa dakani, kwenye viti vya mawe mbele ya mlango wetu, Langoni. Nilisema mbele ya watu kwamba mtoto nitakaa naye mimi. Nilisema nikiwa nimeshiba.

Mamake Khairiya, Bi Mahfudha, alisikia. Husikia kila kitu. Nyumba yake na yetu zimeunganishwa na wikio, kile chumba kilichopita juu ya uchochoro, kwa hivyo haji kwa mlango wala kwa hodi. Hutokea tu. Akatokea. Akasema, "Bwana Mahdi, mwana yuwakuogopa kama jini, nawe wataka kukaa naye?" Halafu akatoa hukumu. Jumapili, baina ya alasiri na magharibi, nikae na Aqil peke yetu. Akitulia, sawa. Asipotulia, mwana atahamia kwake, upande wa pili wa wikio, alelewe huko mpaka umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Miaka minne, mitano! Nami nikitaka kumwona nitapiga hodi.

Khairiya alinitazama. Nikasema nimekubali. Kwa nini nilikubali? Sijui. Kinywa changu huamka mapema kuliko mimi.

Jumanne, 31 Desemba

Mpango wa kwanza: hongo. Tende, nimeiponda kwa mikono yangu. Aqil akaipokea, akanitazama, akaiangusha chini. Nikaiosha, nikampa. Akaiangusha. Mara ya tatu nikaila mwenyewe, naye akalia. Alikuwa anaitaka au haitaki?

Mpango wa pili, wa kichwa. Nikakizungushia kitanda chake godoro letu, mito mitatu na leso mbili. Kazi safi. Akaingizwa humo, akakagua pande zote kama mpimaji ardhi, akapata mahali pamoja pasipofunikwa, padogo kama kiganja. Du, du, du. Arobaini na nne. Mito imeongeza tatu.

Alasiri alikuja Zaki, kaka mdogo wa Khairiya, kinyozi. Huyu ndiye anayeniudhi. Huingia, hukaa mkekani, hutafuna karanga, hutazama simu. Hata mtoto hamsalimu. Na Aqil humwendea! Leo amemwendea, akamshika kidole gumba cha mguu, akacheka. Kidole cha Zaki kinachekesha nini? Nikamwuliza anafanyaje. Akasema, "Sifanyi kitu, shem. Mimi ni mtu poa tu." Hakuna mtu asiyefanya kitu. Nimemchunguza robo saa nzima. Ama ni karanga, ama ana siri.

Bi Mahfudha naye akamwita Ustadh Abdulqadir aje amwandikie mwana kombe, aya za zafarani kwenye sahani, zioshwe kwa maji, mtoto anywe. Ustadh akamtazama Aqil. Aqil akamtazama Ustadh, akapiga yowe moja, akanyamaza, akaanza kutafuna tasbihi yake. Ustadh akasema mtoto huyu ni buheri wa afya. Kama ni lazima kombe liandikwe, "mpeni babake."

Bi Mahfudha alicheka. Na mimi nikacheka, ili ionekane ilikuwa mzaha.

Jumatano, 1 Januari

Mwezi wa Rajabu umeandama. Wengine wana mwaka mpya. Mimi nina mtoto yule yule.

Kliniki imefungwa kwa sikukuu, basi Khairiya akanichukua na mtoto nyumbani kwa nesi Alawiya, aliyesoma naye. Tukamkuta anakuna nazi. Hakuiacha. Alimtazama Aqil, akamgusa kichwa, akamwuliza Khairiya anakula vipi, analala vipi, halafu akaendelea kukuna na kusema, kana kwamba ugonjwa huu ni wa bei rahisi.

Akasema ni umri wake. Watoto wengi wa miezi hii huwa hivyo. Sasa amejua kwamba mamake ni mmoja na watu wengine ni wengine, na akimkosa machoni hudhani ametoweka moja kwa moja. Kugonga kichwa ni kujibembeleza alale. Kuangusha vitu ni kutaka kujua viendako. Itapita. Akijiumiza, au akiacha mambo aliyokuwa akiyaweza, hapo aletwe. Kwa sasa msimrukie. "Kaa karibu, fanya shughuli yako, aje mwenyewe. Nawe Khairiya, ukitoka umuage. Usimtoroke."

Nikauliza dawa. Hakuna. Sindano? Hakuna. Hata ya matone? Alawiya akaacha kukuna, mara ya kwanza, akamwuliza Khairiya kama mimi nalala vizuri.

Lakini nilikuwa macho! Maana katikati ya maneno hayo yote, kwa kupitia tu, alisema mtoto humjua mamake hata akifumba macho, kwa harufu. Kwa harufu. Watu wenye elimu ndivyo walivyo. Jambo kubwa hulificha katikati ya madogo.

Njiani Khairiya alikuwa akirudia, kaa karibu, aje mwenyewe, kaa karibu. Nami naitikia, naam, naam, huku nimesogea begani pake. Akasimama. "Waninusa nini mbele za watu?"

Nikasema nina mafua.

Alhamisi, 2 Januari

Nimechanganua. Khairiya ananukia udi na asumini, na kidogo vitunguu. Vitunguu vinapatikana. Nikaenda kwa Bi Raihana, muuza vikuba. Alikuwa anafunga asumini na waridi na mrehani, vile vishada wanavyobandika wanawake wakienda harusini, au wakitaka waume zao wainue macho kwenye simu. Nikasema nataka sita.

Akauliza kwa furaha Khairiya anakwenda harusi ya nani. Nikasema Khairiya asijue. Mikono ya Bi Raihana ikasimama. "Asijue?" Siri, nikasema, nikaweka kidole mdomoni ili aelewe vizuri. Nadhani alielewa. Alinifungia, akanitazama mpaka nilipokata kona.

Udi wa nyumbani nisingeweza kuuchukua, Khairiya angeona umepungua. Nikanunua mwingine. Muuzaji akauliza ni wa shughuli gani, nikasema nataka mkali kupita wote. Akanipa ule wa bibi harusi. Akanitakia heri. Watu wa heshima sana leo.

Khairiya akavuka wikio kwenda kumwonyesha mamake nguo za kazi. Nikafanya haraka. Chetezo cha udi chini ya kanzu mpaka machozi yakanitoka. Leso ya Khairiya mabegani. Vikuba viwili shingoni. Nikakaa mkekani.

Aqil akanitazama. Akanusa. Akaja!

Alikuja mwenyewe, kwa magoti yake, akaweka kichwa kifuani pangu. Dakika saba kwa saa ya ukutani. Sikupumua. Nasema kweli, katika dakika hizo nilisahau Jumapili, nikamsahau hata bibi yake. Kichwa chake kina moto kama mkate wa mofa uliotoka sasa hivi.

Halafu akaanza kutafuta. La maziwa sikulifikiria. Akatafuta kushoto. Akatafuta kulia. Akavuta kanzu, akachungulia, akanikuta mimi. Alinitazama kama mteja aliyeuziwa betri mbovu. Akaniuma. Chini ya mtulinga wa kushoto, juu ya kifua. Ana meno manne, na yote alikuja nayo.

Kilio kikamleta Khairiya mbio. Leso na vikuba nilikuwa nimeshavisukuma chini ya kitanda. Akanusa. Harufu gani hii? Nikasema ni ya jirani, wana harusi. Jirani yupi? Nikasema adhana hiyo, nachelewa. Adhana haikuwa imetoka.

Hitimisho: dawa inafanya kazi. Kipimo ndicho kilichokuwa kidogo.

Ijumaa, 3 Januari

Leo nimejifukiza mara tatu kabla ya saa sita, ili udi uingie kwenye ngozi. Kikuba kimoja nikakibana ndani ya kanzu, penye kola, nikirudi kutoka Ijumaa nimbebe mtoto moja kwa moja bila ya kupoteza muda.

Msikitini aliyekuwa kushoto kwangu alisogea kidogo. Halafu akarudi. Halafu akanusa. Kulia kwangu alikuwa Ridhwani, mwenye punda wa kubeba mchanga, mtu mwema ambaye hakuna neno lililolala kinywani mwake usiku mmoja. Rakaa ya pili, tunasujudu, kikuba kikaanguka. Juu ya jamvi, baina yangu na Ridhwani. Cheupe, kibichi, kinanukia mpaka safu ya nyuma.

Tulipotoa salamu Ridhwani akakiokota kwa vidole viwili, akanipa kwa chini chini. Akasema, "Hifadhi amana, bwana."

Nje wakaanza kunishika mikono. Mabruki! Mashallah! Bwana Mahdi, kimya kimya hivi! Nikastaajabu jinsi habari zinavyosafiri Lamu. Dakika saba tu, na mji mzima umejua. Nikawashukuru. Nikasema ilikuwa kazi lakini Mungu amejaalia. Ustadh Abdulqadir akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama Khairiya ana habari. Nikasema hana, na nisingependa ajue kabla ya Jumapili. Akazishika ndevu zake. Akasema ni bora mtu aseme mapema. Kweli, lakini mpango ni mpango.

Ridhwani akauliza, "Ni wa Wiyoni au wa Matondoni?" Nikamwuliza, nani? Akanikonyeza. Nikamwuliza tena. Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema mimi ni mwanamume kweli kweli.

Sielewi, lakini siku nzuri. Sijapata heshima kama hii tangu nitengeneze kipaza sauti cha msikiti.

Aqil: dakika tisa, halafu akapiga chafya saba. Maendeleo.

Jumamosi, 4 Januari

Sanduku langu liko dakani.

Nilirudi na mahamri nikalikuta hapo, sanduku, feni yangu ndogo juu yake, na viatu vya sikukuu vimepangwa vizuri. Nikadhani Khairiya anafagia. Akapita Ridhwani na punda wake, akauliza kama nitamhitaji. Nikasema mchanga wa nini? Akasema si mchanga, ni kuhama. Kuhama wapi? "Kwa bibi mpya, bwana! Kwani wa zamani amekuacha ulale?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mabruki. Amana. Matondoni. Yote yakaja kwa pamoja, nikakaa juu ya sanduku, mahamri yakaanguka, punda akala mawili.

Asiyejua desturi zetu ajue. Nyumba ni ya mke. Babake Khairiya, Mungu amrehemu, alimjengea kabla hajaolewa, kama walivyofanya wazee wake. Mume huja na sanduku. Akikosea, huenda na sanduku. Langu si zito.

Nikaingia. Khairiya amekaa, Aqil mapajani, macho mekundu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliniuliza tu nilioa kabla ya kusema nitakaa na mtoto, au baada ya kusema. Nikaapa sijaoa mtu. Na vikuba sita vya Bi Raihana? Nikasema nilivaa mimi. Na udi wa bibi harusi? Nilijifukiza mimi. Zaki, aliyekuwa mkekani, akaacha kutafuna. "Shem," akasema, "mtu akidanganya, adanganye kitu cha kuingia akilini."

Bi Mahfudha akatokea. "Mwanamume mzima avae kikuba! Hata urongo huujui?"

Nikasema basi nitawaonyesha. Nikatoa leso chini ya kitanda, nikajifunga. Nikajifukiza mbele yao. Nikavaa vikuba vilivyobaki, vimenyauka kama mboga ya juzi. Nikakaa, mikono wazi, kumngoja mwanangu atoe ushahidi.

Mwanangu akanitazama. Akawatazama wao. Akapiga yowe la kutoboa dari, akajificha kwapani mwa mamake. Shahidi wangu wa pekee!

Nilikuwa nimeshasimama kufuata sanduku nilipohisi kuwasha chini ya mtulinga. Jino! Nikafungua vifungo viwili. Bi Mahfudha akamwomba Mungu msamaha, akavaa miwani, akanisogeza penye mwanga. Akatazama sana. Halafu akatia kidole kinywani mwa Aqil ili ahesabu, naye akaumwa. Akatazama kidole. Akatazama kifua. Kidole. Kifua.

"Mawili yuu, mawili tini," akasema. "Ni yeye."

Akavua miwani. "Mke wa pili angalikuwa na meno zaidi."

Khairiya akacheka. Mwanzo kidogo, kwa pua. Halafu akalala mkekani, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamfunika kwa leso. Zaki akaliingiza sanduku ndani. Aliliweka juu chini, lakini aliliingiza.

Bi Mahfudha alipofika kwenye wikio akageuka. Kesho alasiri iko pale pale. Bila ya udi. Bila ya leso. Bila ya ua hata moja.

Na jikoni Khairiya akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema wiki nzima. Kama Aqil atahamia kwa mamake, yeye kazini haendi. Hawezi kusomesha wana wa watu ilhali wake analelewa kwa hodi. Alisema kwa sauti ya kawaida, huku akikata kitunguu. Miaka miwili aliingoja ile nafasi. Sikuwa nimefikiria kwamba mimi ndiye mlango wake.

Jumapili, 5 Januari

Nimeoga mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Bado nanuka kama kifungate.

Baada ya alasiri Khairiya akapiga magoti mbele ya Aqil, akamwambia anakwenda kwa bibi, atarudi magharibi. Nikamwambia mtoto haelewi. Akamwambia tena yeye, si mimi. Akambusu, akavuka. Upande wa pili wa wikio Bi Mahfudha ameweka kiti nyuma ya pazia. Viatu vyake naviona.

Aqil akaanza. Nikambeba, akazidi. Nikamweka, akazidi. Nikaimba, pazia likakohoa. Nikawa punda. Nikawa paka. Nikawa Zaki, nikakaa na karanga, nikatazama simu. Hata hilo alilijua kuwa ni la kuiga. Akalia ule wa kukata pumzi, uso rangi ya zambarau. Nikajiona mwaka kesho, niko mlango wa pili, mkono juu, hodi, hodi, nimekuja kumwona Aqil, na sauti ndani inasema amelala.

Nikatafuta mpango. Hakuna. Nilitafuta kama mtu anavyotafuta funguo, mfuko huu, mfuko huu. Hakuna hata mmoja. Halijanipata jambo hilo tangu nijue kuvaa kikoi.

Nikakaa mkekani, nikampa mgongo, kwa sababu sikutaka auone uso wangu ulivyokuwa. Mbele yangu palikuwa na redio ya mteja, kubwa, ya zamani. Nikaifungua. Mikono yangu haijui kukaa bure. Nikatoa kile kitufe cha kutafutia stesheni, kikubwa kama limau, nikakiweka kando.

Kilio kikaendelea. Halafu kikawa na vituo. Halafu kamasi. Halafu nikasikia magoti mkekani.

Sikugeuka. Si kwa akili, shingo ilikuwa imekauka kwa woga. Mkono mmoja ukanigusa mgongoni. Wa pili. Akavuta kanzu na kusimama! Akasimama nyuma yangu, pumzi zake shingoni, za moto, za maji maji. Nikawa ukuta. Akazunguka taratibu huku amenishika, akaketi penye goti langu, akakichukua kitufe, akakifikiri, akakiangusha. Nikakiokota. Akakiangusha. Nikakiokota. Mimi nihesabuye kila kitu sikuhesabu.

Mwishowe akaniegemea. Mzito. Sikujua kwamba ni mzito hivyo akijiachia.

Adhana ikatoka, misikiti yote kwa pamoja. Pazia likafunguka. Khairiya akaingia, na Aqil akakitupa kitufe, akamwendea mamake bila ya kunitazama, kama mtu aliyemalizana na fundi. Sawa. Bi Mahfudha akasimama kwenye wikio. "Haya," akasema. "Mwana na akae kwao." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. Akasema ni vumbi.

Nimekaa kufikiri ni nini kilichofanya kazi. Redio? Haikuwa ikilia. Mgongo? Nani anapenda mgongo? Jibu limenijia wakati wa chakula. Ni udi! Ulikuwa umeingia kwenye ngozi, ukahitaji siku tatu kuiva. Nikamweleza Khairiya. Akaenda kupiga pasi nguo zake za kazi.

Jumatatu, 6 Januari

Khairiya ameondoka saa moja asubuhi. Alimuaga mtoto, mtoto akalia dakika tatu, mimi dakika moja. Halafu tukatoka dakani, mimi na mwanangu, kufanya kazi. Wapita njia walisimama. Ridhwani akauliza bibi mpya hajambo. Nikamwambia anyamaze, akanyamaza karibu mpaka kona.

Tatizo jipya. Kubwa. Anaangusha vitu. Kijiko: mara thelathini na sita kabla ya saa nne. Kikombe: mara kumi na tisa. Hasahau kukishika, nimemchunguza. Anakiachia, anakitazama kinavyokwenda, ananitazama, anangoja. Nimejua mara moja. Vifundo vya mikono ni dhaifu.

Bi Mahfudha alipoleta uji akasema, "Yuwateza tu." Zaki akasema anacheza, shem. Alawiya naye siku ile alisema jambo la namna hiyo, lakini alikuwa anakuna nazi, sikumsikia vizuri. Watu watatu wakikubaliana haraka hivyo, ujue hakuna aliyefikiri.

Nikafikiri mimi. Mshipi wa kuvulia. Kijiko nikakifunga kwenye mguu wa meza yangu ya kazi. Kikombe, vile vile. Kifuniko, vile vile. Akiangusha, navuta, kinarudi. Hakuna kuinama! Mpango uliendelea vizuri ajabu, mara nne. Mara ya tano Aqil hakuangusha. Akautazama mshipi. Akaufuata kwa kidole, polepole, mpaka mezani. Nikajivunia. Ana akili, nikasema, amechukua kwangu.

Akavuta.

Meza ikapinduka. Simu tatu za wateja, feni moja, chai yangu, makopo mawili ya skrubu. Mtoto hakuguswa na kitu, alhamdulillahi. Alikaa katikati ya yote hayo na kupiga makofi, mara ya kwanza katika maisha yake.

Khairiya amerudi saa nane, uso unang'aa. Watoto kumi na watano wamelia siku nzima wakitaka mama zao. Amekaa tu katikati yao akichora, wakamjia mmoja mmoja. Alikuwa katikati ya hadithi aliponyamaza, akauliza kwa nini meza imelala. Nikasema imechoka.

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu, na kosa nimeliona. Mpango ni mzuri. Meza ndiyo nyepesi. Nimetafuta nyumba nzima kitu kizito kisichosogea, na Mungu ameleta mwenyewe, maana Bi Mahfudha amesema kesho atakuja kukaa nasi asubuhi nzima, atuangalie. Ataketi kwenye kile kiti chake kikubwa. Mshipi naufunga kwenye mguu wa kiti. Huyo hajapatapo kusogezwa na mtu.